Dhahabu Ilipita, Mawe Yakabaki

Safari ya kutoka Ushirombo kwenda kuyaona magofu ya Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani

Na Mwandishi Wetu

Ndugu msomaji, iwapo umepata kusafiri katika barabara kuu itokayo Kahama kuelekea Lusahunga na mpaka wa Rwanda, basi umepita Ushirombo, hata kama gari lako halikusimama zaidi ya muda wa kununua hindi la kuchoma. Ni mji wa nchi ya Wasumbwa, na makao makuu ya Wilaya ya Bukombe, ambayo ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga hadi Mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012. Watu wake hulima mahindi na tumbaku, hurina asali katika misitu ya miombo, na wengi wao, kwa nyakati mbalimbali za maisha yao, wamepata kushika sururu na kushuka ndani ya duara kutafuta dhahabu.

Katika mji huo, kando ya njia iendayo nyumbani kwa mama yangu, pana nyumba ambayo haikukamilika. Kuta zake za matofali ya kuchoma zimefika usawa wa lenta zikakoma hapo. Ina vyumba sita visivyo na paa, na katikati ya sebule umeota mpapai. Watoto wa mtaa huuita mjengo huo "magofu ya Mzee". Mzee mwenyewe ni mjomba wangu, ndugu wa mama kwa baba na mama. Mwishoni mwa miaka ya 1980, akiwa kijana, alikwenda machimboni pamoja na wenzake. Siku moja duara lao lilitoa mbale nzuri, naye akashika fedha ambazo hakupata kuzishika tena mpaka leo. Hakuwa mlevi kuwashinda wenziwe, wala hakuwa mpumbavu. Alikuwa kijana aliyeamini kwamba mwamba uliotoa leo utatoa na kesho. Kabla mwaka haujaisha, fedha zilikuwa zimekwisha, na nyumba ikabaki kama ilivyo.

Nilipomwambia kuwa kazi yangu ingenipeleka Kilwa kuandika habari za magofu, alicheka sana.

"Mpwa wangu, utoke hapa uende mpaka pwani kutafuta magofu? Haya ya kwangu huyaoni?"

Kisha alinyamaza kidogo, akauliza iwapo magofu hayo yako karibu na bahari. Nikamjibu kuwa yako juu ya bahari hasa. Mjomba alikuwa hajapata kuiona bahari. Tukaondoka pamoja.

Njia ya kusini

Sitakuchosha kwa habari za njiani. Basi huondoka alfajiri, hupita Kahama, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro, na abiria huteremka Dar es Salaam miguu ikiwa imevimba. Mababu wa Wasumbwa na Wanyamwezi walitembea kwa miguu kwenda pwani, miezi kwa miezi, mizigo ya pembe za ndovu mabegani. Mjomba alilikumbuka jambo hilo tulipokuwa tukinyoosha magoti kituoni, akasema basi hatuna haki ya kulalamika.

Kutoka Dar es Salaam tulishika njia ya kusini. Mto Rufiji huvukwa kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003; kabla ya hapo msafiri alingojea pantoni. Nangurukuru ndipo njia inapogawanyika, moja ikiendelea Lindi na Mtwara, nyingine ikiteremka kushoto mpaka Kilwa Masoko. Usichanganyikiwe, msomaji, kwa sababu Kilwa ni tatu: Kilwa Kivinje, mji wa kale wa misafara, Kilwa Masoko, makao ya wilaya, na Kilwa Kisiwani, ambako ndiko tulikokuwa tukienda. Mgeni hupata kwanza kibali cha kuyaona magofu hapo Masoko, ndipo hukabidhiwa mwongoza wageni na kuteremka gatini.

Hapo gatini Mjomba alinitangulia. Aliinama, akachota maji ya bahari kwa kiganja, akayaonja, akayatema.

"Basi ni kweli," akasema.

Mwongozaji wetu alikuwa kijana mwenyeji wa Kisiwani. Alimwamkia Mjomba, "Shikamoo, Mzee wangu," akamshika mkono kumpandisha mashuani. Mlango wa bahari hapo si mpana. Nahodha alitweka tanga, upepo ukalijaza, na haukupita muda mrefu kuta za rangi ya majivu zikaanza kuonekana katikati ya minazi na mikoko.

Mawe yaliyokuwa hai

Jengo la kwanza umkaribishalo mgeni ni Gereza. Ngome ya kwanza mahali hapo ilijengwa na Wareno mwaka 1505. Jengo lionekanalo leo kwa sehemu kubwa lilijengwa upya baadaye, wakati wa Waarabu wa Oman. Tulilipita, tukaenda moja kwa moja kwenye Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya kaskazini ni ya karne ya 11 au ya 12, na sehemu ya kusini, kubwa kuliko ile ya kwanza, iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14. Ndani yake kuna nguzo zilizopangwa safu kwa safu, na juu yake kuba zilizosalia. Hata jua la mchana likiwaka nje, mle ndani mna baridi ya mtungi.

Mjomba hakutazama juu kama sisi. Alikwenda kwenye nguzo, akaigonga kwa kidole, akaikwaruza kwa ukucha, akaisogelea karibu kama apimaye mbale.

"Hili si jiwe la mlimani," akasema.

"Kweli, Mzee," akajibu kijana. "Hili ni tumbawe. Lilikuwa hai baharini."

Ndipo akatueleza kazi ya mafundi wa zamani. Kuta zilijengwa kwa mawe magumu ya matumbawe yapatikanayo nchi kavu, yaliyoshikamanishwa kwa chokaa. Kwa kazi za nakshi, kama mihirabu na vizingiti vya milango, walitoa tumbawe laini ndani ya maji. Hilo huchongeka kwa urahisi likiwa bichi, na likishakauka hewani huwa gumu. Chokaa nayo ilitokana na matumbawe hayo hayo, yaliyopangwa juu ya lundo kubwa la magogo na kuchomwa. Mjomba alitikisa kichwa kwa kuridhika. Yeye amechoma matofali mengi katika maisha yake, na tanuru ni tanuru, liwe la pwani au la bara.

Juu ya genge

Kutoka Msikiti Mkuu tulifuata njia ya miguu kuelekea mashariki, tukipita mashamba na nyumba za wanakijiji, kwa maana Kilwa Kisiwani si mji wa wafu. Watu wanaishi, wanavua na kulima hapo hata leo. Baada ya mwendo huo nchi iliinuka, vichaka vikafunguka, tukatokea Husuni Kubwa.

Neno "husuni" asili yake ni Kiarabu na maana yake ni ngome, lakini hapa palikuwa makao ya mfalme na maghala ya biashara kuliko kituo cha vita. Jumba lilijengwa juu ya genge linalochungulia bahari, na lilikuwa na vyumba zaidi ya 100. Upande wa bara ni ua mkubwa uliozungukwa na safu za vyumba, mahali pa bidhaa. Ukiendelea kuelekea baharini unafika kwenye makao yenyewe: ua wa baraza, ambao ngazi zake zilikuwa viti vya watu, na birika la kuogea lenye pembe nane, lililochongwa kwa ustadi ambao fundi wa leo angejivunia. Mwisho kabisa ni ngazi ziteremkazo kutoka gengeni hadi ufukoni, ambako palikuwa na msikiti mdogo. Ukisimama kichwani mwa ngazi hizo, mbele yako ni maji matupu ya buluu, na kila chombo kiingiacho bandarini unakiona.

Aliyelijenga ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman, wa nasaba ya Mahdali, mwanzoni mwa karne ya 14. Msafiri mashuhuri Ibn Battuta wa Morocco alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta ndiye atawalaye. Aliusifu mji kuwa ni miongoni mwa miji mizuri, na akaandika kuwa watu walimwita Sultani huyo Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Asimulia kwamba fakiri mmoja alimwomba nguo alizovaa, naye akazivua akampa. Lakini yapo maneno mengine ya Ibn Battuta ambayo wasifuo Kilwa huyapita upesi. Anasema zawadi nyingi za hapo zilikuwa pembe za ndovu, na dhahabu ilitolewa kwa nadra. Na katika kisa hicho hicho cha fakiri, zawadi zilizofuatia nguo zilikuwa pamoja na watumwa. Wala jambo hilo halikuishia katika karne ya 14. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na mtawala wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka. Magofu haya yana uzuri, msomaji, lakini si uzuri usio na machozi.

Kijana alipofika mwisho wa maelezo yake alisema jambo moja kama nyongeza tu. Mwanakiolojia Neville Chittick, aliyefukua Kilwa katika miaka ya 1960 na kuchapisha matokeo yake katika vitabu viwili mwaka 1974, aliona kuwa jumba hili halikumalizika. Sehemu nyingine ziliachwa njiani, na watu hawakuishi humo muda mrefu.

Mjomba, aliyekuwa ameketi juu ya ngazi akitazama bahari, aligeuka.

"Halikumalizika?"

"Halikumalizika, Mzee."

"Kumbe naye alikomea kwenye lenta," akasema. Alicheka, lakini kicheko hicho hakikudumu.

Dhahabu ya nani?

Baada ya kitambo aliuliza swali ambalo mimi, niliyekuja na daftari na kalamu, sikuwa nimeliuliza.

"Kijana wangu, dhahabu iliyojenga hapa ilichimbwa wapi?"

Kijana alijibu kwamba Kilwa yenyewe haina dhahabu. Dhahabu ilichimbwa mbali kusini, katika nyanda za juu za nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Wachimbaji walishuka mashimoni na kuchekecha mchanga wa mito kama ifanyikavyo kwetu kwenye mialo. Kutoka huko ilibebwa hadi Sofala, katika pwani ya Msumbiji ya leo, ikapakiwa vyomboni na kuletwa Kilwa, ambayo ilikuwa imeitia Sofala chini ya mamlaka yake. Kilwa ndiyo iliyotoza ushuru, ikauza mbele Arabuni na Bara Hindi, ikapokea nguo, shanga na vyombo vya kaure vya China. Chupa moja ya Kichina ya wakati wa utawala wa Yuan ilifukuliwa hapo hapo Husuni Kubwa.

"Na wale waliochimba? Wao walijenga nini?"

Hapo nilipata nafasi ya kujibu mimi. Nilimwambia kwamba watu wa nyanda zile nao waliacha mji wa mawe, Zimbabwe Kuu, wenye kuta ndefu za matale, mawe ya mlimani kama yale yaliyo Shinyanga na Usumbwa, yaliyopangwa bila chokaa hata kidogo, na bado zimesimama. Katika magofu hayo imeokotwa sarafu ya shaba yenye jina la huyu huyu al-Hasan bin Sulaiman. Hivyo nchi ya mgodi na nchi ya bandari zilijuana. Mjomba alifurahi kusikia hivyo kuliko habari zote za siku ile. Alirudia mara mbili, "Bila chokaa!"

Lakini dhahabu yenyewe iko wapi? Ndugu msomaji, sehemu yake moja inajulikana ilipo. Mwaka 1502 Vasco da Gama aliingia Kilwa na merikebu zake, akatishia, akamlazimisha Amir Ibrahim aliyetawala wakati huo kutoa kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ilipelekwa Ureno, na kwa amri ya Mfalme Manuel ikafuliwa kuwa monstransi, chombo cha kuonyeshea Ekaristi Takatifu, kilichokamilika mwaka 1506. Kipo mpaka leo katika jumba la makumbusho mjini Lisbon, na wageni hulipa kiingilio kukitazama. Kodi haikuinunulia Kilwa amani. Mwaka 1505 Wareno walirudi na Francisco de Almeida, wakauteka mji na kuupora. Walikaa katika ngome yao hadi mwaka 1512, wakaondoka. Kilwa haikupata tena utukufu wake wa zamani.

Nikiwa nimeketi kando ya Mjomba nilikumbuka magofu mengine yaliyo juu ya bahari, ambayo nimeyasoma vitabuni tu. Ugiriki, katika rasi iitwayo Sounion, pana hekalu la Poseidon, aliyekuwa mungu wao wa bahari, lililojengwa juu ya genge katika karne ya 5 kabla ya Kristo. Nguzo zake nyeupe huonekana na mabaharia kwa mbali. Karibu na rasi hiyo ni Laurion, palipokuwa na machimbo ya fedha ya watu wa Athens, na wachimbaji wake wengi walikuwa watumwa. Mwaka 483 kabla ya Kristo mwamba mnono ulipatikana huko, na wananchi wakataka wagawiwe fedha hiyo, kila mtu fungu lake. Kiongozi mmoja, Themistocles, akawashawishi waitumie kujenga merikebu. Miaka mitatu baadaye, merikebu hizo ziliwashinda Waajemi katika vita vya Salamis, na mji ukaokoka. Nilipomsimulia Mjomba, alifikiri kidogo, kisha akasema: "Mimi nilikuwa miongoni mwa wale waliotaka kugawana."

Kigae mkononi

Tulipokuwa tukirudi, Mjomba alisimama ghafla. Macho yaliyozoea kutafuta punje katika mchanga hayapumziki. Aliinama, akaokota kigae kidogo kama kucha ya dole gumba, cheupe chenye wekundu pembeni. Alikipangusa kwa kanzu yake, akakigeuza kwenye mwanga, na niliona kuwa mkono ulikuwa ukielekea mfukoni.

"Samahani, Mzee wangu," kijana akasema kwa upole. "Naomba ukirudishe palipokuwa. Kila mgeni akichukua kimoja, mwisho tutabaki na mchanga."

Mjomba, ambaye umri wake wote ameishi kwa kutoa vitu ardhini, alimtazama kijana yule. Kisha alipiga goti na kukirudisha kigae pale pale, hata akakifunika udongo kidogo.

Kijana alikuwa na sababu. Kilwa Kisiwani na magofu ya jirani yake, Songo Mnara, yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yakahamishiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa bahari ilikuwa ikila ufuko, kuta zikianguka, mizizi ikipasua mawe. Kazi ya kujenga kuta upya, kukata vichaka na kupanda mikoko ilifanyika, wanakijiji wenyewe wakishiriki, na mwaka 2014 yakaondolewa katika orodha hiyo ya hatari. Lakini mawimbi hayasomi orodha. Kazi ya kuyalinda haina mwisho.

Nasi je?

Kwetu, dhahabu ya Geita ilianza kuchimbwa kwa wingi katika miaka ya 1930, na mgodi ule wa kwanza ukafungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa leo ulianza kazi mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka uliofuata. Mwaka 2019 soko la dhahabu lilifunguliwa Geita, na mchimbaji mdogo akapata mahali pa kupimia na kuuzia mali yake hadharani. Ni hatua njema. Hata hivyo kila mgodi una siku yake ya mwisho, kama Kilwa ilivyokuwa na yake. Siku hiyo ikifika, mgeni atakayepita Ushirombo, Masumbwe au Geita atakuta nini? Atakuta mashimo na marudio ya mchanga tu, au shule, visima, na watu waliosoma kwa fedha ya dhahabu? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Swali hilo ni la serikali na kampuni, lakini pia ni la kila kijana atokaye machimboni na mfuko umejaa.

Ukipata likizo, nenda Kilwa na familia yako. Chukua viatu vya kutembelea, kofia na maji ya kunywa, na uanze asubuhi kabla jua halijawa kali. Usiyapande magofu, usiandike jina lako ukutani, na umpe mwongoza wageni haki yake. Waulize watoto waliuonaje msikiti ule, na uwaache wakae kwenye ngazi za Husuni Kubwa watazame bahari.

Mjomba alirudi Ushirombo bila kununua kitu chochote ila chupa ndogo ya maji ya bahari aliyotaka kuwaonjesha wajukuu. Miezi mitatu baadaye mama alinipigia simu. Alisema Mjomba ameuza ng'ombe wawili akanunua bati, na vyumba viwili kati ya vile sita vimepauliwa. Wajukuu wanaosoma sekondari wanalala humo. Vinne vilivyobaki bado viko wazi. Fundi alitaka kuukata mpapai wa sebuleni, Mjomba akakataa, kwa sababu unazaa.